Kwa nini oksijeni ya mgandamizo haijawa tiba ya kiharusi

KIHARUSI hakipigi hodi. Mtu aliyekuwa akizungumza na wenzake huanza ghafla kuvuta maneno, mdomo ukapinda upande mmoja, na mkono ukakataa kuinuka. Katika saa chache zinazofuata, ndugu zake hulazimika kufanya uamuzi mzito: wampeleke wapi, na atibiwe kwa njia gani?

Miongoni mwa njia ambazo zimekuwa zikitajwa kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali ni kumwingiza mgonjwa katika chumba maalumu kilichofungwa, kisha kumpa oksijeni tupu chini ya mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida. Hoja yake inaeleweka hata na asiye mtaalamu: ikiwa ubongo unakufa kwa kukosa oksijeni, basi na upewe oksijeni kwa wingi.

Hata hivyo, majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa tangu miaka ya 1990 hayakuthibitisha matumaini hayo. Miongozo ya tiba ya kiharusi inayotolewa nchini Marekani haipendekezi njia hii kwa mgonjwa aliyepatwa na kiharusi cha kuziba kwa mshipa, isipokuwa katika hali moja tu. Kuelewa sababu za msimamo huo kunaweza kumsaidia mgonjwa asipoteze saa ambazo hazirudi.

Ubongo na njaa ya oksijeni

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayovutwa mwili ukiwa umepumzika. Tofauti na misuli, ubongo hauna ghala la akiba. Damu ikikatika kwa dakika chache tu, seli za neva huanza kufa.

Kiharusi kiko cha aina mbili kuu. Aina ya kwanza, ambayo ndiyo inayowapata wengi zaidi, hutokea mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo unapozibwa na donge la damu. Aina ya pili hutokea mshipa unapopasuka na damu kuvuja ndani ya ubongo au kuuzunguka. Kwa kumtazama mgonjwa kwa macho, hata daktari hawezi kuzitofautisha kwa uhakika. Kinachohitajika ni picha ya ubongo, hasa ile ya kipimo cha CT.

Mshipa unapozibwa, si eneo lote linalokufa kwa mara moja. Katikati kunakuwa na sehemu iliyokosa damu kabisa, ambayo huharibika upesi. Kuizunguka kuna ukingo unaopata damu kidogo kutoka mishipa ya jirani. Seli za ukingo huo zimenyamaza, hazifanyi kazi yake, lakini bado zi hai. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanasayansi wameliita eneo hilo penumbra, neno linalomaanisha ukingo wa kivuli. Ukingo huo ndio unaogombewa na madaktari, kwa kuwa damu ikirudi mapema unaweza kupona, na ikichelewa unakufa nao.

Mwaka 2006, daktari Jeffrey Saver wa Marekani alipiga hesabu ya hasara hiyo. Kwa mujibu wa makadirio yake, mgonjwa aliyezibwa mshipa mkubwa hupoteza wastani wa seli za neva milioni 1.9 kwa kila dakika inayopita bila tiba.

Oksijeni inavyoingizwa kwa mgandamizo

Katika hali ya kawaida, karibu oksijeni yote iliyomo katika damu hubebwa na himoglobini, ile rangi nyekundu iliyomo ndani ya chembe za damu. Kiasi kidogo sana, takriban mililita 0.3 kwa kila mililita 100 za damu, huyeyuka katika majimaji ya damu yenyewe, yaani plazima. Himoglobini ikishajaa, kumvutisha mtu oksijeni zaidi hakuongezi sana mzigo wake.

Mgandamizo ndio unaobadilisha hesabu hiyo. Kanuni ya fizikia inasema kwamba kadiri gesi inavyogandamizwa juu ya kimiminika, ndivyo inavyoyeyuka kwa wingi ndani yake. Kila anayefungua chupa ya soda huishuhudia kanuni hiyo kinyumenyume: kizibo kikiondolewa mgandamizo hushuka, na gesi iliyokuwa imeyeyuka hutoka kwa mapovu.

Mtu akivuta oksijeni tupu katika mgandamizo unaofikia mara 3 ya ule wa usawa wa bahari, oksijeni iliyoyeyuka katika plazima hupanda hadi karibu mililita 6 kwa kila mililita 100 za damu. Kiasi hicho kinakaribia mahitaji yote ya mwili uliopumzika, hata bila msaada wa himoglobini.

Jambo hilo lilidhihirishwa mwaka 1960 na daktari wa upasuaji wa Uholanzi, Ite Boerema, mjini Amsterdam. Aliwatoa nguruwe karibu chembe zote nyekundu za damu na kuwawekea majimaji mengine, huku wakivuta oksijeni ndani ya chumba cha mgandamizo. Nguruwe hao waliendelea kuishi. Ripoti yake iliwashangaza wengi na kufungua ukurasa mpya wa matumizi ya vyumba hivyo hospitalini.

Wazo la vyumba vyenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1662 Mwingereza Nathaniel Henshaw alipendekeza chumba kilichofungwa ambamo hewa ingeongezwa au kupunguzwa kwa mivukuto ili kutibu maradhi, zaidi ya miaka 100 kabla ya oksijeni kutambuliwa. Katika miaka ya 1920 daktari Orval Cunningham wa Marekani aliwatibu wagonjwa wa kila namna kwa hewa iliyogandamizwa, na mwaka 1928 akafungua mjini Cleveland hospitali ya chuma yenye umbo la mpira. Chama cha madaktari cha nchi hiyo kilimtaka atoe ushahidi, lakini hakutoa uliotosheleza.

Leo hii tiba hiyo ina nafasi yake halali. Hutumika kwa wapiga mbizi waliopanda juu kwa kasi na kupata mapovu ya gesi mwilini, kwa watu waliovuta sumu ya moshi wa kaboni monoksaidi, kwa baadhi ya vidonda sugu vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, na kwa maradhi mengine kadhaa. Swali ni iwapo kiharusi kinastahili kuingia katika orodha hiyo.

Majaribio yalisema nini

Katika maabara, wanyama waliozibwa mishipa ya ubongo kwa makusudi na kupewa oksijeni ya mgandamizo mapema mara nyingi walipata madhara madogo zaidi. Matokeo hayo ndiyo yaliyowapa watafiti ari ya kuijaribu kwa binadamu.

Mwaka 1991, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 39 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Wote waliingizwa katika chumba chenye mgandamizo wa mara 1.5, lakini baadhi walivuta oksijeni na wengine hewa ya kawaida. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa waliopewa hewa ya kawaida walionekana kuendelea vizuri zaidi kuliko waliopewa oksijeni.

Mwaka 1995 yakaja matokeo kutoka Lyon, Ufaransa, ya wagonjwa 34. Waliotibiwa kwa oksijeni waliingia chumbani dakika 40 kila siku kwa siku 10. Baada ya mwaka mmoja baadhi ya vipimo viliashiria nafuu kwao, lakini idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo mno kuweza kutoa hukumu.

Jaribio la tatu lilichapishwa mwaka 2003, likihusisha wagonjwa 33 katika jimbo la Indiana, Marekani. Wote walifikishwa ndani ya saa 24 tangu dalili zianze. Kundi moja lilipewa oksijeni tupu kwa mgandamizo wa mara 2.5 kwa saa moja, na lingine liliingizwa katika chumba hicho hicho kwa mgandamizo mdogo sana, ili mgonjwa asijue yuko upande gani. Baada ya siku moja hapakuwa na tofauti. Baada ya miezi mitatu, kundi lililopata tiba ya kuigiza ndilo lililokuwa na hali nzuri zaidi.

Mwaka 2014, mtandao wa kimataifa wa Cochrane, unaochambua tafiti za tiba, ulikusanya majaribio yote 11 yaliyofaa, yenye jumla ya wagonjwa 705. Uchambuzi huo haukuona tofauti ya vifo ya kuaminika kati ya waliotibiwa kwa njia hiyo na wasiotibiwa. Baadhi ya vipimo vya ulemavu vilionyesha nafuu, vingine havikuonyesha. Wachambuzi hawakudai kwamba manufaa hayawezekani kabisa. Walisema ushahidi uliopo hautoshi kuwafanya madaktari waitumie tiba hiyo kama kawaida.

Kwa nini hoja nzuri ilishindwa

Maelezo ya kwanza ni ya njia yenyewe. Oksijeni iliyoyeyuka katika plazima bado inahitaji plazima hiyo ifike mahali palipoharibika. Donge lililoziba mshipa huzuia chembe nyekundu na majimaji kwa pamoja. Ni sawa na bomba la maji lililozibwa: kuongeza dawa katika tangi la juu hakusaidii nyumba ambayo maji hayaifikii.

Maelezo ya pili ni kwamba oksijeni nyingi ina tabia ya kuifanya mishipa ya ubongo isinyae. Aidha, inapozidi huzalisha kemikali kali zinazoshambulia kuta za seli, na seli zilizokwisha kudhoofika ndizo zinazoumia kwanza.

Maelezo ya tatu ni muda. Mnyama wa maabara huweza kuingizwa chumbani dakika chache baada ya mshipa kuzibwa. Binadamu huchelewa nyumbani, huchelewa njiani, na huchelewa tena mapokezi. Katika tafiti nyingi wagonjwa walianza tiba baada ya saa nyingi, wakati ambapo huenda ule ukingo wa kivuli ulikwisha kufa.

Kasoro nyingine ni kwamba tafiti zilitofautiana kwa kiwango cha mgandamizo, muda wa kukaa chumbani na aina ya wagonjwa. Kwa sababu hiyo, wapo wataalamu wanaoona kwamba swali halijafungwa kabisa. Lakini swali lililo wazi si sawa na tiba iliyothibitishwa.

Aina moja inayotofautiana

Hali pekee ambayo miongozo ya Marekani ya mwaka 2019 inaikubali ni kiharusi kinachosababishwa na povu la hewa lililoingia katika mishipa. Hali hiyo inaweza kumpata mpiga mbizi aliyebana pumzi wakati akipanda juu, na mara chache hutokea wakati wa upasuaji au utumiaji wa mirija inayoingizwa katika mishipa mikubwa.

Hapa mgandamizo hufanya kazi tofauti kabisa. Povu la hewa likigandamizwa husinyaa. Katika mgandamizo wa mara 2.8, ambao hutumika sana kwa wapiga mbizi, ujazo wake hushuka hadi karibu theluthi moja. Oksijeni nayo husaidia kuiondoa naitrojeni iliyomo ndani ya povu hadi likayeyuka. Donge la damu halisinyai hivyo. Ndiyo maana mafanikio ya tiba hii kwa wapiga mbizi hayawezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwa wagonjwa wengine wa kiharusi.

Hatari na gharama ya muda

Tiba ya mgandamizo kwa kawaida ni salama ikisimamiwa na watu waliosomea, lakini si mchezo. Masikio huweza kuumia, mapafu yenye ugonjwa huweza kupasuka, na oksijeni ikizidi huweza kuleta degedege, kama alivyoonyesha mwanasayansi Mfaransa Paul Bert mwaka 1878. Moto ni hatari nyingine, kwa kuwa vitu huwaka kwa kasi kubwa penye oksijeni nyingi. Mwaka 1997 watu 11 walikufa katika moto uliozuka ndani ya chumba cha aina hiyo mjini Milan, Italia. Mwezi Januari 2025 mtoto mmoja alipoteza maisha katika ajali kama hiyo jimboni Michigan, Marekani.

Kwa mgonjwa wa kiharusi kuna hatari ya ziada. Akibadilika hali ghafla, akitapika au kupoteza fahamu, mlango haufunguliwi papo hapo. Sharti mgandamizo ushushwe kwanza. Na kila dakika anayokaa humo bila donge kuondolewa, ubongo unaendelea kupungua.

Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi dhidi ya vituo vinavyotangaza tiba hii kwa maradhi ambayo haijaidhinishwa. Kiharusi kilikuwa miongoni mwa yaliyotajwa.

Mbona wapo waliopona?

Wapo wanaosimulia kwa dhati kwamba waliingia chumbani wakiwa wamepooza, wakatoka wakitembea. Simulizi hizo si lazima ziwe za uongo, lakini zina maelezo mengine. Kuna kiharusi cha kupita, ambacho dalili zake huondoka zenyewe ndani ya saa chache. Vilevile wagonjwa wengi hupata nafuu ya kadiri katika wiki na miezi ya mwanzo, wakitibiwa chumbani au wasitibiwe. Bila kundi la kulinganisha, haiwezekani kujua ni nini kilicholeta nafuu.

Hilo linahusu pia tiba kwa waliokwisha kupata ulemavu wa muda mrefu. Mwaka 2013 watafiti wa Israel waliripoti nafuu kwa wagonjwa waliopata kiharusi kati ya miezi 6 na miaka 3 nyuma, baada ya kuingia chumbani mara 40. Lakini utafiti huo haukuwa na tiba ya kuigiza, hivyo kila mgonjwa alijua wakati gani anatibiwa. Matumaini pekee huweza kumfanya mtu ajitahidi zaidi.

Oksijeni ya kawaida je?

Nchini Uingereza, utafiti wa wagonjwa 8,003 uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kumpa kila mgonjwa oksijeni kidogo kwa mirija ya pua hakukupunguza vifo wala ulemavu. Kwa sababu hiyo oksijeni hupewa mgonjwa ambaye kiwango chake katika damu kimeshuka, si kila mtu.

Upande mwingine, utafiti wa China uliochapishwa mwaka 2025, wenye wagonjwa 282, uliona nafuu pale oksijeni nyingi ya mgandamizo wa kawaida ilipotolewa kwa barakoa pamoja na kuondoa donge kwa mrija maalumu. Matokeo hayo yanahitaji kuthibitishwa kwingine, lakini yanaelekeza kwenye somo lile lile: oksijeni huweza kusaidia njia ya damu inapofunguliwa.

Tiba zilizothibitishwa

Mwaka 1995 ilithibitishwa kwamba dawa ya kuyeyusha donge, ikitolewa ndani ya saa 3, hupunguza ulemavu. Mwaka 2008 muda huo ukaongezwa hadi saa 4 na nusu. Dawa hiyo haifai kabisa kwa aliyevuja damu, na ndiyo sababu picha ya ubongo hutangulia. Mwaka 2015 tafiti kadhaa zilithibitisha faida ya kuvuta donge kwa mrija unaopitishwa ndani ya mshipa, na mwaka 2018 ikaonekana kwamba baadhi ya wagonjwa wanaochaguliwa kwa vipimo hufaidika hadi saa 24.

Katika nchi nyingi za Afrika huduma hizo hupatikana katika hospitali chache. Lakini hata pasipo dawa hizo, uangalizi wa karibu hospitalini huokoa maisha: kupima uwezo wa kumeza kabla ya kulisha, kudhibiti homa na sukari, kuzuia nimonia na vidonda vya kulalia, na kuanza mazoezi ya viungo mapema.

Familia inayoona uso uliopinda, mkono uliolegea au maneno yasiyoeleweka inashauriwa kufanya mambo machache. Iandike saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Isimpe chakula, maji wala aspirini kabla ya kupimwa. Impeleke moja kwa moja katika hospitali yenye kipimo cha CT, hata kama dalili zimeanza kuondoka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika kiharusi, huumiza ubongo.

Kubwa kuliko yote ni kinga. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, na kuchapishwa mwaka 2010, ulikadiria wagonjwa wapya 315.9 kwa mwaka katika kila watu 100,000 jijini Dar es Salaam, na 108.6 wilayani Hai, baada ya takwimu kusawazishwa kwa umri. Kiwango cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vile vya juu vilivyoripotiwa duniani. Chanzo kikuu kinachoweza kuzuilika ni shinikizo la juu la damu, ambalo wengi hawajui kuwa wanalo hadi siku wanapoanguka.

Mashine ya kupima shinikizo la damu haina mvuto wa chumba cha chuma chenye milango mizito na saa za mgandamizo. Lakini kipimo chake huchukua dakika chache, na dawa za kila siku zinazofuatia zina ushahidi ambao chumba hicho, kwa mgonjwa wa kiharusi cha kawaida, bado hakijaupata.